Kusi imelala, sasa samaki wako wapi? Maswali yenu ya uvuvi wa karibu na ufuo

Barua za mwezi huu karibu zote zinalia kilio kimoja, kusi, ule upepo wa kusini wa katikati ya mwaka, imekata, bahari imelala, watu wamepania kutoka halafu wanarudi na ndoo nyepesi. Kuna za huku pwani yetu na kuna mbili za ndugu zetu walioko mbali ambako Oktoba na Novemba ni habari nyingine kabisa. Nimezipunguza urefu, msinune. Na wale walioniuliza ndoano ya namba ngapi na chambo cha rangi gani bila kusema wanavua wapi na maji yakiwaje, mtanisamehe, barua zenu nimezirudisha chini ya rundo.

Assalaam alaykum mhariri. Mi ni mvuvi wa mshipi na ngalawa hapa Kigombe, Tanga. Toka mwezi wa tano mpaka wa tisa kusi inatubana tunavua ndani ya miamba tu. Sasa bahari imetulia, maji safi, lakini changu wanakula siku mbili tatu halafu wiki nzima kimya. Wenzangu wanasema ni bahati tu. Je kuna mpango wowote hapa?

Waalaykumu ssalaam kaka. Bahati sikatai, ila hebu isome tena barua yako, siku mbili tatu wanakula halafu wiki kimya. Hiyo sio bahati, huo ni mwezi. Zihesabu zile siku zako nzuri kwenye kalenda ya mwezi mwandamo uone kama haziangukii palepale kila mara.

Pwani yetu maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi. Bamvua inakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, nguvu yake kamili inafika siku moja mbili baadaye, na hapo tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kufika mita tatu na nusu mpaka karibu nne. Tarehe nane tisa na ishirini na mbili tatu ni maji mafu, tofauti inabaki kama mita moja tu. Sasa siku ya bamvua kali ukatie nanga mlangoni kwenye miamba, maji yanakimbia, chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, halikai chini, mshipi unalala mkiani mwa ngalawa na changu yupo palepale ila chambo chako kinampita juu ya kichwa. Siku ya maji mafu chambo kinakaa vizuri mno, lakini maji hayapeleki harufu popote na vidagaa havisukumwi kuelekea mwambani, kwa hiyo mkubwa naye hana sababu ya kutoka.

Manahodha wana hesabu yao hapa, gawa tofauti ya maji mafungu 12, saa ya kwanza linaingia fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Kama tofauti ni mita 3.6 basi kila fungu ni sentimita 30, yaani saa ya kwanza maji yamepanda sentimita 30 tu na saa ya tatu peke yake yamepanda 90. Ndo maana unaona samaki wanakula vizuri maji yakianza kutembea, halafu ghafla huwezi tena kuvua, halafu yakikaribia kusimama wanarudi. Hawajaenda popote, ni we ulikuwa unavua zile saa mbili za katikati.

Sasa mambo ya msimu huu wenyewe. Kipindi hiki cha tanga mbili, wengine wanaita matlai, kusi imechoka na kaskazi haijashika, alfajiri unapata umande wa nchi kavu unaokutoa taratibu, mchana upepo unageuka unatoka baharini. Bahari nzuri ni mpaka kama saa nne tano asubuhi. Hapo ndo uchanganye na maji. Siku za bamvua huku kwetu maji yanajaa kama saa kumi au kumi na moja alfajiri na kupwa saa nne au saa tano asubuhi, kwa hiyo asubuhi yako yote tulivu inaishia kwenye maji yanayotoka mbio, na ndo siku hizo wengi wanatoka kwa sababu mwezi ni mkubwa wanaona njia! Mi ningekuambia usitoke kabisa kwa mshipi siku hizo. Toka tarehe 11, 12 na 26, 27 za mwezi mwandamo, maji yanaanza kujaa kama saa mbili asubuhi na bahari bado imelala, una saa mbili safi. Au tarehe 4, 5 na 18, 19, ambapo maji yanajaa mpaka saa moja saa mbili asubuhi, ukitoka gizani unakuta ile saa ya mwisho ya kujaa, yanasimama, halafu mwanzo wa kutoka. Saa nitakuwa nimepishana nazo kidogo kulingana na mahali ila sio sana, thibitisha kwa macho siku moja tu.

La mwisho kwako, umesema maji safi, na hilo lenyewe ni tatizo. Wakati wa kusi maji yalikuwa na vumbi, mshipi mnene haukuonekana. Sasa changu anaona kila kitu. Punguza unene wa uzi wa mwisho, urefushe kama pima moja kutoka kwenye chubwi, na ngisi wako usimfungie fundo zima kwenye ndoano. Mchane ukanda mwembamba urefu wa kidole, uchomeke ndoano mara moja tu kwenye ncha moja ili ubaki unapepea wenyewe kwenye mkondo. Ukikunjakunja mara tatu nne ili samaki asiibe, kweli haibi, na haji pia. Na changu wengi wanakula usiku kuliko mchana, kwa hiyo kama una taa na una mwenzako wa kutoka naye, jaribu ile saa ya kabla ya alfajiri.

Habari ya kazi. Niko Malindi, navua kwa boti ndogo ya injini. Mvua ya vuli ikianza tu maji ya mto Sabaki yanakuja mpaka huku mjini, bahari inakuwa rangi ya chai ya maziwa na wengi wetu tunafunga boti. Je ni kweli hakuna samaki kwenye maji hayo? Na mwenzangu anasema ndani ya parki ndio maji bado safi, tukivua pembeni kidogo kuna shida gani?

Nianze na la pili maana ni fupi. Malindi Marine National Park iko pale toka 1968 na ndani yake haivuliwi chochote, hata kwa mshipi wa mkono, hata samaki mmoja wa mboga. Ile hifadhi inayoizunguka ndo uvuvi wa asili unaruhusiwa. Mpaka unaujua, maboya yapo, na kama huyaoni waulize KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kabla, sio baada. Hilo la "pembeni kidogo" mwambie mwenzako aende akalifanye na boti yake.

Sasa hayo maji. Sabaki ni mwisho wa Athi na Galana, unashuka toka nyanda za juu za karibu na Nairobi, unapita Tsavo, kwa hiyo mvua ikinyesha huko udongo wote huo unawaangukia nyinyi. Kusi ikivuma tope linasukumwa kaskazini upande wa Ngomeni, kaskazi ikianza kushika linarudi kusini kuja mjini. Ndo maana Novemba mnaona mmevamiwa hata kama kwenu hakujanyesha tone.

Samaki wapo, ila sio kila samaki. Wale wa kuwinda kwa macho kama nguru wanakaa nje ya tope, hawaingii sana. Wale wa kunusa wanaingia kwa furaha, kina ng'ogo, kamba nao wanatembea, mkizi yupo, na nyuma ya mkizi kuna wanaomtaka. Kwa hiyo cha kufanya ni kuacha kuangalia katikati ya tope na kutafuta pale linapokomea. Utaona mstari, upande mmoja kahawia upande mmoja kijani au bluu, na juu ya mstari huo kuna povu, majani, magogo, chupa za plastiki, takataka zote za mto. Vidagaa vinajificha kwenye ule uchafu na ndege wanajua, ukiwaona shakwe wanatembea kwenye mstari wanadonoadonoa usipite na injini katikati kwa mbio kama wanavyofanya vijana, zima mbali, acha boti itembee yenyewe sambamba na mstari, upande wa maji safi. Dagaa wa simsim mzima au kibua mdogo aliye hai, mshipi usio na chubwi au wenye chubwi dogo sana, na waya mfupi tu, kama shubiri moja na nusu, maana nguru anakata nailoni kwa meno na waya mrefu kwenye maji safi anauona. Kolekole na songoro nao wanapenda kukaa chini ya magogo hayo. Gogo kubwa linaloelea usiliache bila kulizunguka mara moja.

Kwenye tope lenyewe, vua chini kwa kitu kinachonuka, kamba aliyemenywa au mkizi aliyekatwa vipande. Chambo cha bandia humo achana nacho, unapoteza mafuta. Na angalia magogo hayohayo usiku, hayana taa.

Shikamoo mhariri. Mi kijana wa Lamu, saa hizi niko New Jersey Marekani kwa kazi. Nimezaliwa nikivua na marehemu babu kwa mshipi wa mkono. Hapa watu wanavua wakiwa wamesimama ufukweni na fimbo ndefu, wanasema msimu mzuri ni sasa majani yakianza kuanguka, mi nilidhani baridi ikija samaki wanaondoka. Nimeenda mara kadhaa sijapata kitu na baridi inanitesa. Nianzie wapi?

Marahaba mwanangu, na pole na baridi. Kweli wanaondoka, na ndo maana ni msimu mzuri. Huku kwetu samaki wanasogezwa na upepo, mkondo na tope, baridi sio ishu. Huko kwenu baridi ndo inaamua kila kitu. Samaki mkuu wa hapo ni striped bass, watu wanamwita striper, anazaa kwenye maji yasiyo na chumvi ya mito, Hudson, Delaware na ile ghuba ya Chesapeake, kipindi cha machipuko, halafu wengi wanapanda kaskazini kukaa huko Massachusetts mpaka Maine msimu wa joto. Maji yakianza kupoa wanashuka kusini wakiwa na njaa, wanapita mbele ya ufuo wenu kuanzia Oktoba, Novemba ndo wanakuwa wengi, na mwaka mwingine mpaka Desemba. Sasa kwa nini wanapita karibu na ufuo badala ya huko nje? Kwa sababu chakula kinatoka ndani. Vile vighuba vya nyuma ya ufuo, Barnegat na Raritan, vimejaa mkizi wadogo na vitoto vya menhaden, samaki wa ukoo wa dagaa, waliokua humo tangu kiangazi, na usiku wa kwanza wa baridi ukipiga vinaanza kumiminika nje kupitia milangoni. Mkizi anaanza kutoka mapema, Septemba na Oktoba, menhaden wadogo wanafuata.

Kwa hiyo ukisimama mahali popote ufukweni ukatupa mbali kadiri ya nguvu zako, unavua jangwa. Babu yako asingefanya hivyo Lamu, angetafuta mlango. Fanya hivyohivyo. Mlango kama Barnegat Inlet au Manasquan Inlet, maji yanapotoka, hasa saa za mwisho za kutoka zikiangukia jioni au alfajiri, chakula chote kinamwagika nje na stripa wanakaa pembeni ya mkondo wakisubiri. Na kumbuka tofauti ya maji huko ni ndogo kuliko kwetu, kama mita moja na nusu tu, lakini mlangoni yanakimbia vilevile, tena saa ya maji kugeuka ndani ya ghuba inaweza kupishana sana na saa ya ufukweni, usitumie ratiba ya sehemu moja kwa nyingine.

Kama unataka ufuo wazi, mfano Island Beach State Park, nenda kwanza maji yakiwa yamepwa bila hata fimbo, tembea uangalie mchanga. Utaona fungu la mchanga kule mbele ambapo mawimbi yanavunjika, na kati ya fungu na wewe kuna mfereji wa maji meusi kidogo. Halafu kuna sehemu fungu limekatika, mawimbi hayavunjiki, hapo ndo mlango wa samaki kuingia kwenye mfereji. Weka alama kwenye nchi kavu, rudi maji yakiwa yanajaa jioni. Stripa mara nyingi yuko kwenye mfereji, hatua chache toka miguuni kwako, watu wanamrushia chambo kikamvuka kichwa kwenda kutua kule juu ya fungu! Na usiingie majini mpaka kiunoni kabla hujatupa karibu kwanza.

Upepo wa huko nao una tabia yake. Ule wa kaskazini mashariki unaleta mawimbi na maji machafu, ukiwa wa wastani ni mzuri sana maana unawasogeza vidagaa ufuoni, ukiwa dhoruba kaa nyumbani. Baada ya hapo hewa ya baridi ikishuka upepo unageuka kaskazini magharibi, anga inang'aa, bahari inakuwa bapa, wengi wanadhani hiyo ndo siku, kumbe mara nyingi mchana wake ni mkavu na samaki wanakuja giza likiingia tu. Joto la maji likiwa kati ya nyuzi 10 na 16 hivi una kazi, likishuka sana chini ya hapo hesabu wamepita.

Sheria usizichukulie poa, Marekani hawana mchezo. New Jersey unajiandikisha kwenye daftari la wavuvi wa bahari, bure, fanya kwenye simu kabla hujatoka. Stripa unaruhusiwa mmoja kwa siku, na awe na urefu wa inchi 28 mpaka chini ya 31, yaani kama sentimita 71 hadi 78, mdogo rudisha na mkubwa rudisha. Ukitumia chambo cha kweli lazima iwe ile ndoano ya duara inayoshika pembeni ya mdomo. Na zaidi ya maili tatu kutoka ufuoni huruhusiwi kumvua kabisa. Hizi zinabadilishwa mara kwa mara kwa hiyo kila mwaka angalia tangazo la idara ya jimbo.

Mshipi wako wa mkono usiutupe, kwenye gati bado unafanya kazi vizuri tu na wazee watakuja kukuangalia. Ila ukivaa zile suruali za mpira za kuingilia majini funga mkanda juu yake, kila mara, zikijaa maji hakuna kuogelea. Na yale mawe ya mlangoni yana utelezi, bila viatu vya misumari usipande.

Asalam aleikum. Sie ni wanawake wa Songosongo, Kilwa, tunakwenda pweza kwa miguu maji yakitoka. Miezi hii maji yanatoka mbali sana kuliko kawaida, tunafika sehemu ambazo hatufiki miezi mingine, lakini pweza wengine ni wadogo sana. Tunaweza kuendelea tu?

Waalaykumu ssalaam dada zangu. Mmeona sawa, bamvua za Septemba na Oktoba pamoja na zile za Machi ndo kubwa kuliko zote za mwaka kwa sababu jua na mwezi vinavuta vikiwa karibu na mstari wa ikweta, kwa hiyo mwamba unabaki wazi mpaka sehemu ambazo pweza alikuwa anajua yuko salama. Huo ndo uzuri wake na ndo hatari yake.

Wadogo waacheni, na sio kwa kuwahurumia, kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza pweza wa chini ya gramu 500, na pweza anakua haraka sana, yule wa leo wa gramu 300 ukimkuta baada ya mwezi mmoja na nusu huenda kazidi mara mbili. Jambo la pili ambalo watu hawaliangalii ni mama. Mnalijua shimo la pweza, mlangoni kuna mafuu ya kaa na makome aliyokula. Sasa ukikuta shimo limezibwa kwa mawe kutoka ndani, mlangoni hakuna taka mpya, ukichungulia unaona kama vishada vyeupe vimening'inia juu, huyo kaatamia. Hali chochote mpaka mayai yaangue na baada ya hapo anakufa. Nyama yake imeshakonda tayari, kilo hamna, na mkimtoa mmeua na wote wale. Piteni.

Na ile hesabu ya mafungu 12 niliyompa kaka wa Kigombe hapo juu iwahusu nyinyi zaidi kuliko yeye. Maji yakigeuka, saa ya kwanza mnaona kama hayaji, mnaendelea kuchokoa. Ikifika ya tatu yanapanda karibu mita nzima, na nyinyi mko mbali na nchi kavu, na njiani kuna bonde mlilovuka likiwa kavu. Hilo bonde ndo linajaa kwanza. Yakigeuka tu, geukeni nayo.

Bro, nimenunua rodi na rili ya bei mbaya, niko Kigamboni, natupa jigi, ile chambo ya bandia ya chuma, kila jumamosi mchana sipati kitu. Nibadilishe rangi gani?

Badilisha saa, rangi iache. Jumamosi mchana jua kali maji yamesimama hata mwenyewe ungekuwa samaki ungelala. Tafuta mdomo wa hori lenye mikoko, uende maji yakiwa yanatoka, alfajiri au kuanzia saa kumi na moja jioni. Maji yakitoka yanawakokota kamba na vitoto vya chaa na chuchunge kutoka kwenye mizizi, kolekole na mzia wanajua na wanasubiri pale kina kinapoanza. Tupa upande yanakotoka maji, acha jigi iletwe na mkondo huku unaigusagusa, usiivute dhidi ya mkondo, hakuna kidagaa duniani kinachopanda mkondo kwa mwendo wa pikipiki. Ukiona chuchunge wanaruka juu wote kwa pamoja tupa nyuma yao sio katikati yao.

Na mara moja moja weka hiyo jigi mfukoni, funga kamba mbichi kwenye ndoano ndogo uone nini kipo hapo. Aibu ya nini.

Mhariri, tasi amenichoma mkononi nikimtoa kwenye dema hapa Mkokotoni, nimeumwa usiku kucha. Wamenishauri nipake mafuta ya taa, wengine nifunge kamba. Nifanye nini mara nyingine?

Pole sana. Mafuta ya taa hapana na kamba hapana, kamba inazuia damu na mkono unaharibika. Sumu ya tasi inavunjwa na joto. Tia mkono kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, nyuzi 45 hivi, ujaribu kwanza kwa mkono ule mzima maana ule uliochomwa haujui tena kupima, ukae humo nusu saa mpaka saa moja na nusu, ukiongeza yakipoa. Maumivu yanashuka kabisa. Dawa hiyohiyo ni ya mwiba wa samaki taa na wa ng'ogo. Baadae osha jeraha, toa mabaki ya mwiba kama yapo, na kama umevimba mpaka begani, unahema kwa shida au kidonda kimeanza usaha nenda hospitali.

Tasi ana miba 13 mgongoni, 7 chini nyuma ya tumbo, na mingine kwenye mapezi ya tumbo, kwa hiyo huwezi kumshika kwa kubahatisha. Mkamate kichwani nyuma ya macho kwa kitambaa kinene, au mmwage chini umsubiri. Hata akifa miba bado ina sumu, waambie na wanaoparua jikoni.

Salaam kutoka Muscat. Mimi mzaliwa wa Unguja, naishi huku miaka mingi. Joto limeanza kupungua na nataka kwenda nguru na rafiki zangu mwisho wa Septemba kwa boti ya kukodi. Wapi karibu na ufuo na chambo gani?

Salaam sana ndugu yangu, ila mwisho wa Septemba usiende. Nguru, huko mnamwita kanad, Oman wanamfungia kila mwaka toka tarehe 15 Agosti mpaka 15 Oktoba, na katazo linagusa mpaka kumuuza, kwa hiyo usije ukakubali ile ya "mvue tu nitakununulia mimi." Mkimpata kwa bahati mkivua wengine, mrudisheni majini hapohapo.

Sogezeni safari mpaka wiki ya mwisho ya Oktoba. Kiangazi maji ya juu huko yanapita nyuzi 30 na samaki wengi wanashuka chini, yakipoa dagaa wakubwa wanasogea ufuoni na nguru anawafuata mpaka kwenye vichwa vya majabali. Tokeni gizani mkavue ile saa ya jua kuchomoza, boti itembee polepole kando ya jabali pale kina kinaposhuka ghafla, dagaa mzima kwenye ndoano mbili, ya kwanza mdomoni na ya pili karibu na mkia kwa sababu nguru anakata nyuma kwanza, waya mfupi, breki ya rili iwe legelege kwa ile mbio yake ya kwanza. Na kabla hamjalipa hela ya boti muulizeni mwenyewe leseni ya uvuvi ya abiria wake ikoje.